Kasha la Jumapili ya Watoto

Jumapili hatugusi ukurasa wa duka. Shangazi Fusi, mwenye duka, huifungia simu kabatini Jumamosi jioni na kuitoa Jumatatu asubuhi, na hapa Tonga hakuna anayeshangaa, kwa kuwa Jumapili hata barabara zimelala. Tatizo ni kwamba wateja wetu hawako hapa. Wako Auckland, Sydney, Utah. Wanaona picha za makasha yetu ya chakula mtandaoni, wanalipia huko huko, nasi tunawapelekea wazazi wao vijijini: kuku, mbavu za kondoo, soseji, juisi za watoto. Kazi yangu ni kuwajibu.

Jumatatu baada ya Jumapili ya Watoto, sikukuu ambayo watoto huketi kula kwanza na kila nyumba hupeleka chakula mezani kwa mchungaji, niliwasha simu, ikatetemeka mezani mpaka ikakaribia kuanguka.

Vaimoana, mzaliwa wa kijiji cha Kolovai anayeishi Utah, alikuwa ametuandikia hadharani. Kwetu watoto walikuwa wameshamaliza kusema mistari yao kanisani na kuketi kula. Kwake ilikuwa bado Jumamosi jioni. "Nimelipia kasha ili binti yangu ale vizuri siku yake," aliandika. "Nimempigia kwa bibi yake, ananiambia wamekula majimbi na majani yake. Duka la Fusi, kasha liko wapi? Nimewatumia ujumbe mmenyamaza. Wezi nao hunyamaza hivyo hivyo."

Chini yake watu walikuwa wamejaa.

"Labda kuku aliona safari ndefu, akashuka njiani."

"Dereva naye ana watoto, jamani."

Duka jingine la mjini lilikuwa limeacha namba yake ya simu, bila neno lolote. Na wateja wetu wa miaka walikuwa wakifuta oda zao za wiki hiyo, mmoja baada ya mwingine. Duka letu halina kibao barabarani. Likiharibika jina pale kwenye ukurasa, limekwisha.

Nilisoma maoni yote kuanzia la kwanza. Kazi hii sikufundishwa na mtu, na jambo moja nililojifunza kwa kukosea ni kutojibu la mwisho kabla sijalielewa la kwanza. Kisha nikamwita Maka, dereva wetu.

"Kaka, nilimkabidhi Bibi Kalisi mwenyewe," alisema. "Jumamosi. Picha si ninayo?"

Alinionyesha. Mama yake Vaimoana ameketi barazani, kasha mapajani, anacheka.

"Halafu?"

Maka akakuna shingo. "Halafu akaniomba nimsaidie kulifikisha kwa mchungaji. Mjukuu alikuwa mazoezini kanisani, hakuliona. Ni njiani, nikalipakia tena. Ningemkataliaje mama mzee?"

Shangazi Fusi alikuwa amesimama nyuma yetu, mikono kiunoni.

"Vizuri," alisema. "Weka picha. Andika kasha lilifika, na andika lilikwenda kwa nani. Watu wote walioniita mwizi wasome."

Kwa mtu asiye wa kwetu inaweza kuonekana rahisi kumwambia hapana. Lakini dada wa baba si mtu wa kubishiwa. Akiingia, sisi watoto wa kaka yake tunainamisha vichwa hata tukiwa na mvi.

"Shangazi," nilisema, nikiangalia sakafu, "wanaotufuata wako wengi, na nusu yao wanamjua Bibi Kalisi. Wengine wanasali na Vaimoana kule kule Utah."

"Kwa hiyo mimi nife na jina la wizi kwa sababu ya mama wa mtu?"

"Hapana. Naomba tu niende Kolovai kwanza."

Alitazama saa ukutani. "Mpaka mchana. Baada ya hapo naweka mwenyewe, na unajua siandiki vizuri."

Kabla ya kutoka niliandika chini ya malalamiko, nikaweka na jina langu: "Dada Vaimoana, mimi ni Feleti wa dukani. Jumapili hatukushika simu, ndiyo maana umeona kimya. Pole kwa kukuacha na wasiwasi siku nzima. Sasa hivi naelekea kwa mama, na leo hii nitakujibu." Mtu mmoja akajibu papo hapo, "Mnaenda kumtisha bibi wa watu?" Nikaliacha lilivyo.

Nilifunga mkeka kiunoni, vazi letu la heshima, nikaenda. Bibi Kalisi alinikaribisha ndani, nikaketi sakafuni karibu na mlango. Nilimweleza Vaimoana alichoandika, bila kuongeza wala kupunguza. Akawa anaupapasa mkeka aliokalia kwa vidole.

"Mwaka jana nilipeleka majimbi matupu kwenye meza ya mchungaji," alisema hatimaye. "Wenzangu wenye watoto ng'ambo wameleta kuku na kondoo. Mmoja akaniuliza, Kalisi, huyo wako wa Utah bado yuko hai? Walicheka. Na mimi nilicheka."

"Pole, Bibi."

"Mtoto alikula vizuri. Niliwapikia majimbi kwa tui la nazi, na samaki. Hakulala njaa." Akanitazama. "Utaandika huko kwenye simu?"

"Hapana, Bibi. Siyo habari yangu. Lakini Vaimoana anaamini tumemwibia mtoto wake, na wengine wanamwamini yeye."

"Na nisipomwambia?"

Swali hilo nililiwaza njia nzima. "Nitaandika kwamba tulilileta na wewe ulilipokea. Zaidi ya hapo sitasema. Atakayeamini ataamini."

"Na Fusi atakubali?"

"Amenipa mpaka mchana."

Bibi Kalisi akacheka, kicheko kile kile cha kwenye picha. "Fusi namjua tangu shuleni. Mchana wake ni saa nne. Mpigie huyo binti yangu."

Nilipiga. Uso wa Vaimoana ulipotokea, ulikuwa umejiandaa kwa ugomvi. Alipomwona mama yake, ukabadilika. Nilitaka kutoka nje, Bibi akanishika mkono nishike simu, maana yeye huishika juu chini.

Alimweleza yote, hata yule aliyeuliza kama bado yuko hai.

Vaimoana akasogeza uso karibu na kioo. "Mama, kwa nini usiniambie mwaka jana?"

"Ungefanya kazi mbili. Sasa unafanya moja na nusu."

"Nimewaita watu wezi mbele ya dunia nzima, Mama."

"Ndiyo. Mmoja wao anakushikia simu hapa."

Sikujua niangalie wapi. Vaimoana akasema, "Kaka Feleti, nafuta sasa hivi."

"Dada, kama hutajali, usifute," nilisema. "Waliokwisha kuyasoma malalamiko watasema tumekulipa unyamaze. Andika tu chini yake kile unachoona kinafaa. Ya mama yabaki nyumbani."

Niliporudi, Shangazi alikuwa na simu mkononi na miwani puani. Vaimoana alikuwa ameandika: "Kasha lilifika Jumamosi, mama alilipokea. Tulipishana maneno sisi wenyewe nyumbani. Niliwaita wezi, nawaomba radhi." Nikaketi, nikamwandikia hapo hapo: "Asante, dada. Nasi tulikosea kunyamaza bila kusema sababu. Kuanzia leo, anayetuandikia Jumapili ya Tonga atapata ujumbe wa kumweleza tumefunga na lini tutamjibu."

Shangazi alisoma, akasoma tena. "Tulikosea nini sisi?"

"Mtoto wa mtu analalamika siku nzima, hajui kama kuna anayemsikia."

"Jumapili ni Jumapili."

"Ndiyo, Shangazi. Hatukumwambia tu."

Aliguna. Kati ya waliofuta oda baadhi walirudi mchana ule, baadhi hawakurudi, na mmoja mpaka leo ananunua kwenye lile duka jingine. Jioni ukaingia ujumbe wa faragha kutoka kwa Vaimoana. Alitaka kasha kwa ajili ya mama kila mwezi, na mwakani, Jumapili ya Watoto, mawili, moja lipelekwe moja kwa moja kwa mchungaji likiwa na jina la Bibi Kalisi, wanawake wenzake wasimcheke tena.

Nilimsomea Shangazi. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni.

"Hilo la mchungaji," alisema, "Maka asilifikishe kimya kimya. Alipeleke wale wanawake wakiwepo."