Shimo la Michel Kwenye Mchanga

Kila mwaka mvua zikishakatika na Lualaba ikipungua nguvu, mchanga ule hutokea. Mwezi wa tano mahali pale ni maji matupu. Mwezi wa sita unaona mgongo mweupe katikati ya mto, na ndege wawili wamesimama juu yake. Mwezi wa saba ni ufuo mzima, mpana kuliko uwanja wa misioni, safi, bila nyayo hata moja. Watu wa kandokando ya mto karibu na Kasongo wamezaliwa wakiuona, wala hawasimami kuutazama. Léontine alisimama.

Yeye alitoka Kabambare, nchi ya vilima, na maji aliyokua nayo ni Luama. Siku mume wake Antoine alipomshusha pale mara ya kwanza, alikanyaga mchanga kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeingia nyumba ya wenyewe bila kupiga hodi. Nchi ile jana haikuwapo, na baada ya miezi michache haingekuwapo tena, na watu walikuwa wanapika ugali juu yake! Antoine alimcheka. Ilipita miaka minne, na kila mwaka Léontine alishangaa upya. Kuna watu wa namna hiyo, na mimi siwacheki.

Mwaka huu wa kisa chetu ulikuwa elfu moja mia tisa hamsini na tatu, enzi ya Wabelgiji na pamba ya lazima. Pamba ilikuwa imekwisha kupimwa, msimamizi wa pamba amekwenda kusumbua vijiji vingine, na familia zilizopata ruhusa ya Wagenia, wavuvi wenye mto wao, zilivuka kwenda kujenga vibanda vya matete, kuvua na kukausha samaki. Kibanda cha Antoine kilikuwa na watu wanne: yeye mwenyewe, mkewe Léontine, mama yake mzee Régina, na mtoto wao Michel.

Michel alikuwa na miaka miwili na nusu, na alikuwa hajatembea.

Hakuwa mgonjwa. Alikuwa mnene, mcheshi, mdomo haufungi. Alikaa tu. Alikaa kama chifu, akanyoosha kidole, watu wakaleta. Ukimsimamisha alikunja magoti taratibu, akakaa tena, bila kulia, kama mtu aliyekaribishwa kiti. Kwenye dispensari ya Kasongo mganga alimpapasa miguu yote miwili, akasema haina ugonjwa, wangoje. Wakangoja. Watoto waliozaliwa pamoja naye walikuwa wanafukuza kuku, na wadogo zao nao wakaanza kufukuza kuku.

Bibi Régina alikuwa na maelezo yake. Katika ukoo ule mja mzito hali kobe. Wengine wote wanamla, tena kwa furaha, lakini mwenye mimba hamgusi, maana kobe ni mzito wa mwendo. Léontine alipokuwa na mimba ya miezi mitatu, mgeni bado, hajui mwiko wa watu, alipewa bakuli kwenye ngoma ya jirani akala, akaramba na vidole. Nyumbani akasifia mchuzi mbele ya mama mkwe. Ulimi wake mwenyewe ulimponza.

"Ulikula kobe na mimba," Régina alimwambia tangu siku ile hadi hii. "Kobe anatembea lini? Na mutoto wako atatembea lini?"

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayetaja kwamba leo kuna mawingu, na hilo liliuma zaidi. Wala hakumwita Mama Michel kama walivyomwita majirani. Alimwita muke ya Antoine.

Kabla hawajavuka, Régina alikata shauri mbele ya wote. "Tumuweke kwanza kwa muchanga ya moto, miguu ipate nguvu. Maji ikirudi na yeye hajatembea, muke ya Antoine atamupeleka kwao Kabambare. Pale jambo lilianzia, pale watafute dawa." Hakuna aliyesema wangekaa huko muda gani. Léontine alimwangalia mume wake. Antoine alikuwa mtu mwema, lakini mbele ya mama yake wema wake ulikosa ulimi. Aliangalia mikono yake.

Basi Léontine alijua. Alikuwa na muda wa mchanga, na mchanga una siku zake.

Siku ya pili alfajiri alikwenda kuchota maji, akakuta alama. Kitu kizito kilikuwa kimejikokota kutoka mtoni, kikapanda hadi sehemu ya juu kabisa ya ufuo, kikachimba, kikafukia, kikarudi majini kwa njia nyingine. Hata mtu wa vilima aliweza kusoma hayo. Kobe wa mtoni alikuwa ametaga mayai usiku ule.

Kwenye ufuo wote ule, kobe amekuja kumtafuta yeye! Kama Régina angeziona alama zile, angesema mdai amefuata deni lake. Léontine aliweka ndoo chini, akazifuta kwa mguu mwanzo hadi mwisho, akarudi na uso wa mtu aliyeona maji tu.

Jua lilipoanza kupasha mchanga, Régina akatoka na jembe kutafuta mahali pa kumsimamisha mtoto. Alipitapita, akakanyaga huku na huku, akaenda moja kwa moja juu ya ufuo.

"Hapa," alisema. "Ni juu, ni pakavu, jua inafika hapa kwanza kuliko pengine pote."

Kobe naye alikuwa amefikiri vivyo hivyo. Mayai yalikuwa hatua mbili kutoka ncha ya jembe. Léontine alipita haraka, akasimama kati ya jembe na mayai.

Shimo lilikuwa la kimo cha mapaja ya Michel. Wakamsimamisha ndani, wakarudisha mchanga wa moto wakiushindilia kwa viganja, akabaki nje kuanzia kiuno. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Michel alisimama na hakuweza kukaa. Aliangalia chini akitafuta miguu yake, akakosa, akacheka.

Ikawa kazi ya kila asubuhi. Antoine anatega nyavu, wanawake wanapasua samaki na kuwapanga juu ya vichanja vya moshi, na Michel amepandwa pale kama muhogo, anawaimbia nzi. Ndege weupe wa mto walikuja karibu naye kuliko walivyomkaribia mtu mwingine yeyote. Léontine alikuwa na macho mawili, moja kwa mtoto, moja kwa mchanga wa pembeni yake. Kila mtu akipita pale na kijiti cha kuchokolea mayai mchangani, kisu chake kilisimama.

Na bado, na hili alikuja kulisema baadaye, zilikuwa siku nzuri kuliko zote alizopata kuishi. Asubuhi ukungu ulipoondoka juu ya maji, mto ulionekana kidogo kidogo, mpana, kimya, ukienda zake bila kuuliza mtu, na wao wanne wakiwa katikati yake juu ya kipande cha nchi walichokopeshwa. Alikuwa akiacha kisu, mikono imejaa magamba, anatazama. Hofu yake ilikuwa pale pale, lakini hata yenyewe ilikaa kimya kidogo.

Katikati ya mwezi wa tisa Michel aliweza kusimama nje ya shimo akishika mkono wa mama yake. Mkono ukiondoka, alikaa. Léontine alitaka kumtembeza kwa kumshika, Régina akakataa katakata: miguu inayoshikwa haijui kazi yake. Wakaendelea hivyo. Siku zikaenda, na Michel akakaa.

Mwisho wa mwezi Wagenia walipita na mitumbwi wakatangaza kwamba huko juu mvua imenyesha, maji yako njiani, watu wafunge mizigo. Jioni ile ile mvua ya kwanza iliwafikia na wao. Ilipiga mchanga hadi ukawa mgumu na wa rangi nyingine. Asubuhi ufuo ulikuwa umeliwa pembeni, na vibanda vya watu waliokaa chini karibu na maji vilikuwa vimeshabomolewa.

Kwenye mlango wa kibanda cha Antoine palikuwa na mizigo miwili. Mmoja mkubwa: nyavu, samaki, vyungu, mikeka. Wa pili mdogo, umewekwa mbali kidogo: mkeka mmoja, sufuria, vikwembe viwili vya kujifunga, na nguo za Michel. Huo ulikuwa wa Kabambare. Kamio, lile lori la kwenda huko, ilikuwa inaondoka Kasongo siku ya Alhamisi. Léontine aliufunga mwenyewe, akakaza fundo kwa nguvu zote alizokuwa nazo, maana hakuwa na kitu kingine cha kukaza.

Kisha akambeba mtoto, akampeleka shimoni. Régina alimwambia aache, mchanga umelowa, hauna tena moto. Léontine aliendelea kuchimba. Hakufanya kwa matumaini, alifanya kwa mazoea, kama mtu anayefagia nyumba anayoihama. Alimfukia nusu nusu tu, akarudi hatua chache, akasimama kando ya mama mkwe wake.

Hapo mchanga ukapumua.

Ulikuwa pembeni ya Michel, mahali pale alipopajua yeye peke yake. Uliinuka, ukashuka, ukapasuka. Kikatoka kichwa kidogo chenye pua ndefu iliyochongoka, kikafuata kiguu, kisha mwili mzima, bapa, mdogo kama kibiriti. Akafuata kobe wa pili, na wa tano, na baada ya hapo shimo zima la mayai likachemka. Walitoka wakipandana, wakijikung'uta, wakiwa na mchanga kwenye macho. Hakuna mama aliyekuwa akiwangoja. Hakuna aliyewaonyesha mto uko wapi. Wakageuka wote upande mmoja, wakaanza kwenda.

Léontine hakukumbuka mwiko wala mzigo. Alishangaa tu, kwa mwili wake wote, kwamba kitu kilichozaliwa saa ile kinajua kinakokwenda.

Michel naye aliwaona. Kwanza alinyoosha kidole, kama kawaida yake, waletwe. Hawakuletwa. Walimpita kushoto na kulia, hata mmoja hakusimama. Akawaita. Wakaenda. Basi akaweka viganja vyake viwili juu ya mchanga uliolowa, akasukuma, akatoa goti, akatoa la pili. Akasimama nje ya shimo, bila mkono wa mtu. Akapiga hatua.

Akapiga nyingine.

Alikuwa anaelekea mtoni, na mto ulikuwa unapanda. Léontine alivuta pumzi ili apige kelele, akasikia vidole vya mama mkwe vimemshika mkono kwa nguvu za ajabu kwa mzee yule.

"Usimuite," Régina alisema polepole. "Ukimuita atageuka, akigeuka ataanguka. Acha miguu yake imubebe."

Wakasimama wakishikana. Watu waliokuwa wakifunga mizigo waliacha kamba. Antoine alikuwa ndani ya mtumbwi akikunja wavu wa mwisho. Aliinua macho, akaona. Akashuka majini taratibu, maji yakamfika mapajani, akasimama pale mikono imefunguka, kinywa kimefungwa. Kusema kweli, kukosa ulimi kwake kulifaa siku ile.

Michel alikwenda akiyumba, miguu imeachana, uso chini, akiangalia asimkanyage hata mmoja. Hakuna aliyehesabu hatua. Baadaye kila mtu alitaja idadi yake na kuiapia. Alifika penye maji pamoja na kobe wa mwisho. Mto ulimfunika vidole, na wale wadogo wakapita kati ya miguu yake, wakaelea, wakazama, wakaenda. Michel aliangalia maji kwa muda.

"Wamekwenda," alisema.

Kisha akakunja magoti, akakaa majini kwa heshima zote. Léontine alifumba macho. Aliyafumbua aliposikia watu wakiguna kwa mshangao, na mtoto alikuwa ameshainuka tena, peke yake, matako yanachuruzika maji, anamfuata baba yake anayelia waziwazi mbele ya watu.

Léontine hakuweza kuficha tena. Alimwambia mama mkwe kila kitu pale pale, bila kumtazama.

"Mama, nilijua. Mayai ilikuwa pale tangu siku ya pili. Niliona alama, nikafuta. Niliogopa utasema kobe amenifuata."

Régina aliliangalia shimo la mtoto, akaliangalia shimo la mayai, yalivyokaa karibu karibu.

"Ningesema hivyo," alikubali. Akafuta macho kwa pindo la kikwembe. "Lakini ungeniambia, tungekula ile mayai yote. Na leo mutoto angekuwa angali anakaa."

Kicheko kiliwatoka wote wawili kwa pamoja, cha aina ile inayokaribia kilio, na Régina ndiye aliyekiacha wa kwanza. Alitembea hadi mlangoni pa kibanda, akachuchumaa mbele ya ule mzigo mdogo. Fundo lilikataa vidole vyake. Akaliinamia, akaling'ata kwa meno yake machache, akalivuta hadi likaachia, akatoa mkeka, akaukunjua, akauweka juu ya mikeka mingine katika mzigo mkubwa.

"Mama Michel," alisema, "lete kamba, tufunge pamoja. Kabambare tutaenda sisi wote siku ingine, kusalimia. Na uyu atashuka mu kamio na miguu yake."