Mlango wa Mbanda

Jumapili ile Numbi alinigongea dirisha kwa ndoo. Mimi nakaa chumba cha chini, upande wa barabara, huku ughaibuni, mtaa wa Schaerbeek. Yeye yuko ghorofa ya tatu bila lifti, kwa hiyo maji ya kuoshea gari lake hutoka jikoni kwangu tangu zamani.

"Tonton Hamadi, leta maji. Ya moto." Tonton ni mjomba; ndivyo anavyoniita.

"Ya chai?"

"Ya kuosha motokari."

"Na baridi hii? Hata mbwa hawajatoka."

"Bon, mbwa hawana bibi mwenye anakuja leo."

Nikajaza ndoo.

Gari lenyewe ni la spoti, jekundu, viti viwili tu, Mtaliano mzee. Numbi alilipata alipokuwa mlinzi kwenye maofisi ya kule Schuman, na tangu hapo kila Jumapili baada ya misa alikuwa akilifuta kwa kitambaa laini kama mtu anayefuta uso wa mtoto. Mke wake, mama Yolande, hakuwahi kuliingia. Aliliita mbanda wake, yaani mke mwenza. "Mimi siwezi kuikala juu ya magoti ya mbanda," alikuwa akisema, kisha huyo anakwenda kituo cha basi na mkoba wake, mume anamfuata polepole na gari, anapiga honi, watu kituoni wanacheka. Watoto walikua, mzaha ukabaki.

Sasa mama Yolande alikuwa hospitali. Madaktari walishaacha dawa za kuponya, wanampa za kutuliza tu. Siku moja akamwambia mumewe: "Jumapili nitaingia kwa mbanda. Unizungushe, hata kidogo. Nione kitu gani ulikuwa unapata kule." Hospitali ikatoa ruhusa ya mchana. Binti yao Chloé angemleta.

Kilichomsumbua Numbi ni chumvi. Barabara zote zilikuwa zimemwagiwa chumvi kwa ajili ya barafu, na alipolileta gari kutoka gereji lilifika jeupe mpaka vioo, kama limepakwa majivu.

"Angalia," akaniambia. "Inafanana na motokari inatoka kuzika. Siwezi kumubeba bibi yangu mu motokari ya matanga."

"Lipeleke kwenye mashine."

"Mashine? Zile brosi zitaikwaruza. Jamais!"

Basi tukaosha. Mvuke ulipanda mpaka sikumwona. Maji yakifika chini yanageuka kioo; nikamwaga chumvi yangu ya jikoni pale njiani ili kiti cha mgonjwa kisiteleze. Numbi alifungua milango yote miwili akaosha kingo zake, raba zake, hata tundu za funguo, vilevile anavyofanya Julai. Kisha akaifunga vizuri, ili viti visishike baridi.

Mimi nimetembea sana. Kutoka Bujumbura nimepita Kigoma, Athene, Marsei, Hamburg. Nimelala mahali ambapo maji yaliganda ndani ya birika kando ya kichwa changu. Lakini sijawahi kuwa na gari. Baridi ninayoijua ni ya miguu na ya godoro. Na gari la Numbi kila majira ya baridi lilikuwa linalala gerejini, kavu. Kati yetu wawili hakuna aliyejua tulichokifanya. Tuliingia ndani, yeye akavaa suti, mimi nikachemsha chai. Kupitia dirisha tuliliona linang'aa.

Chloé akafika na mama yake, akamshusha kwenye kiti cha magurudumu. Blanketi mpaka shingoni, glavu za sufu za kijani. Uso ulikuwa umekwisha, lakini alikuwa amepaka rangi ya mdomo.

"Mbanda," akaliambia gari, "leo ni mimi nimekuja."

Numbi akainama kama bawabu wa hoteli, akashika kitasa, akavuta. Mlango haukusogea. Akacheka, akavuta tena. Akadhani labda aliufunga kwa ufunguo, akautoa mfukoni, lakini tundu lilikuwa limejaa barafu. Akazunguka upande wa dereva: vilevile.

"Papa, vuta basi."

"Sasa niko nafanya nini? Si niko navuta?"

Mtu huyu hakukubali hata siku moja mtu aegemee lile gari. Leo alirudi upande wa abiria, akaweka kiatu chake kwenye rangi nyekundu, akakaza mguu, akavuta kwa mikono miwili. Kitasa kikachomoka, kikabaki mkononi. Nikakimbia kuleta birika, nikamwaga. Mvuke ukapanda, tukasubiri, na maji yale nayo yakaganda juu ya yale ya kwanza.

"Tonton, leta nyundo. Navunja kioo."

"Halafu mi niikale juu ya vioo?" mama Yolande akasema. "Acha, Numbi."

"Dakika moja tu, chérie."

"Papa, ça suffit, inatosha," Chloé akasema. "Mama anatetemeka."

Mama Yolande akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Alipotulia akasema, "Miaka yote mi nilimukatala. Leo ni yeye ananikatala. Njo haki yake."

Akanyoosha mkono akaugusa mlango, akauacha hapo. Alipouondoa, sufu kidogo ya kijani ilibaki imeganda kwenye rangi.

"Wiki ijayo," Numbi akasema. Kitasa alikuwa bado amekishika.

"Eh. Wiki ijayo," akajibu, kama mtu anayemwahidi mtoto.

Wiki ijayo haikumkuta. Siku tuliyomzika, baridi ilikatika, mvua ikanyesha tangu alfajiri. Tulikwenda makaburini kwa gari la Chloé, na tuliporudi lile jekundu lilikuwa palepale mbele ya dirisha langu, limelowa. Numbi akaingiza kidole mahali palipokuwa na kitasa, akavuta kidogo tu. Mlango ukafunguka bila kelele.

Akaketi upande wa abiria, katika kiti ambacho hakuna aliyekuwa amekikalia. Mvua ilikuwa inamlowesha bega na mguu.

"Nifunge mlango, ndugu yangu?" nikamwuliza.

"Hapana, tonton. Usiufunge."

Nikasimama pale mpaka koti langu likalowa, kisha nikaingia ndani. Nilimwacha hivyo, mlango wazi.