Mama wa Stering

Picha za kulia, zile za sinema, zinanitia kinyaa. Nasema hivi nikiwa mtu aliyependa picha tangu utotoni, mtu ambaye Jumapili ikipita bila picha hushona mikono ya mashati kinyume wiki nzima. Sisemi picha zenye huzuni. Huzuni haina ubaya. Nasema zile zinazokushika shingo na kukukamua: mama amepofuka, mvua inanyesha, fidla zinalia kabla mtu hajasema neno, na mtoto aliyepotea anaimba wimbo uleule alioimbiwa akiwa mchanga. Hapo unatakiwa utoe leso. Mimi nilikuwa natoa peremende.

Hata zile ambazo wasomi huziita picha za sanaa nilizionja. Kulikuwa na mahali mjini palipoonyeshwa picha za Ulaya bila kiingilio, nikaenda na Teresiah, tuliyeshona naye sare za shule pale Kariobangi, Nairobi. Mzungu mmoja alitazama dirisha. Akavuta sigara, akarudi dirishani. Teresiah akalala. Mwishoni watu wa viti vya mbele walitikisa vichwa kana kwamba wamepokea ubatizo, na mimi nikatoka nimenuna. Lakini mahali hapohapo, siku nyingine, niliona picha ya nchi nisiyoijua: mwanamke amefiwa na mumewe, waombolezaji wameondoka, naye anapika uji. Uji unafurika. Anaufuta, anaendelea kukoroga. Basi, hakuna fidla wala mvua. Sikulia, ila kwa siku kadhaa sikuweza kuzungumza na mtu vizuri. Kwangu hiyo ndiyo picha. Haikuombi chochote.

Patrobas Wamalwa, mchumba wangu, aliona mambo kinyume kabisa. Alifanya kazi kiwanda cha rangi mtaani Baba Dogo, kijana mtanashati, kola imenyooka hata siku ya kazi. Na alikuwa akilia. Si kidogo. Mabega yalitikisika, kamasi zilitoka, akaishika leso kwa mikono miwili. Mama yeyote akionekana kwenye pazia, awe ameketi tu anachambua mchele, Patrobas ameshaanza.

"Wewe Waruguru una roho ngumu," aliniambia mara ya kwanza niliponong'ona kwamba watu wanatutazama. "Mtu akilia kwa picha, ujue ameguswa."

"Ameguswa wapi?"

Hapo ndipo aliponieleza. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, huko kwao Bungoma. Alimwona akishushwa kaburini, mvua ikinyesha. Baba alifuata baadaye. Tangu hapo, alisema, kila mama wa kwenye picha ni wake.

Utamcheka vipi yatima? Kinyaa changu nikakifunga pamoja na peremende zangu, nikawa nakaa kando yake kila Jumapili, nikimpangusa. Tena nikampigania. Baba yangu, Mzee Irungu, ni mzee wa kanisa Murang'a, na swali lake lilikuwa moja tu: watu wa huyo kijana ni akina nani? Hakutaka kusikia habari ya mtu wa mbali asiyejulikana kwao. Nilimjibu kwamba hana mama wala baba, ana Mungu na mimi. Tulikosana karibu mwaka mzima. Mwishowe baba akakubali, shingo upande, na ikapangwa Patrobas afike nyumbani Jumamosi na mjomba wake kubisha hodi ya posa. Gauni langu la siku hiyo lilikuwa tayari, linaning'inia nyuma ya mlango.

Jumapili iliyotangulia Jumamosi hiyo tulienda ukumbini kama kawaida. Mwenye maonyesho alikuwa Kabiru, aliyekodi picha za Kihindi mjini na kuzileta Kariobangi. Alikuwa na projekta moja tu. Kwa hiyo kila gurudumu la filamu likiisha aliwasha taa, akaliondoa, akafunga jingine. Muda huo ndio niliouchukia kuliko wote. Taa zinawaka, na unaona wanaume wazima wanajifanya wameingiwa na vumbi machoni.

Ni lazima nieleze pia neno moja. Kwetu mkubwa wa picha huitwa stering, na sheria inayojulikana kuanzia Baba Dogo hadi Njiru ni kwamba stering hafi. Apigwe risasi, atupwe mtoni, hafi. Anayekufa ni mama yake. Wahindi wale waliijua sheria hiyo vizuri sana, na siku hiyo mama wa stering alichukua muda wake. Alikohoa. Akaimba. Akakohoa tena, akiwa amemshika mwanawe mkono, na ukumbi mzima ukaangua kilio. Patrobas alikuwa amejikunja, paji la uso kwenye kiti cha mbele. Nilitazama kisogo chake, nikajiuliza kama nitalitazama jambo hili mpaka uzeeni.

Ndipo tukasikia sauti nyingine kutoka mlangoni.

"Uuuwi! Uuuwi! Watu wangu, tumeachwa!"

Mwanamke mzee alikuwa ameingia, mikono kichwani, kitambaa kimemwangukia shingoni. Alishuka katikati ya viti akiomboleza kwa sauti ambayo fidla za Kabiru hazikuiweza. Nyuma yake alikuja mwanamke mwingine akimvuta nguo. Huyo nilimfahamu, ni Kageha, jirani wa Patrobas kwenye ploti ya vyumba vya kupanga.

"Mathe, keti bana, unaziba picha!" mtu akapiga kelele.

Gurudumu likaisha papo hapo. Kabiru akawasha taa, na yule mama akajikuta mbele ya umati wenye macho mekundu, akazidi kulia. Nilimwelewa, maana Kageha aliwahi kunieleza desturi za upande wao wa magharibi. Kwao mtu haingii matangani kimya. Huanza kulia akiwa njiani bado, ili wafiwa wajue amekuja kuwasaidia kubeba. Anayeingia kimya huonekana ana neno na marehemu. Mama huyu alikuwa amesikia kilio cha ukumbi mzima tokea nje, akafanya linalompasa mtu mwenye adabu.

"Nani ametutoka?" akawauliza waliokaa karibu.

"Mama ya stering," kijana mmoja akajibu, na ukumbi ukacheka.

"Stering ni mtoto wa nani? Ni wa hapa?"

Walicheka zaidi. Watu walewale ambao dakika iliyopita walikuwa wanamlilia mama wa kuchorwa kwa mwanga. Nikainuka nimwendee, lakini alikuwa ameshamwona Patrobas, na uso wake ukabadilika.

"Papa," akasema, kama akina mama wa kwao wanavyowaita watoto wao wa kiume. Akamshika bega. "Mbona hukuniambia tuna msiba? Nimekaa kule ndani tangu asubuhi, umesema unaenda kazini. Kumbe mwenzangu unalia peke yako."

Patrobas aliinua uso. Machozi ya kumlilia yule mama wa Kihindi yalikuwa bado yanamtiririka mashavuni. Alimtazama mwanamke aliyemshika bega, akanitazama mimi, akawatazama watu.

"Huyu mama amechanganyikiwa," akasema. "Simjui."

Wana pua moja. Wana paji moja la uso, na hata ule mkunjo mdogo kati ya nyusi. Kabiru, ambaye hakuwa amesikia lolote, akazima taa, na stering akarudi kwenye pazia akiwa amebeba maiti. Gizani nilisikia Patrobas akivuta kamasi.

Nilimshika yule mama mkono, nikamtoa nje. Jina lake ni Nakhumicha. Hakupinga. Chumba changu hakikuwa mbali, nikamkalisha kitandani, nikawasha stovu, Kageha akanisimulia. Mama alikuwa ameteremka basi alfajiri, bila kutarajiwa. Alisikia huko Bungoma kwamba mwanawe anaoa, akaja na kuku na unga wa wimbi, aende naye kwa wakwe kama inavyostahili. Patrobas alimwonyesha kitanda, akatoka akafunga mlango kwa nje. Mchana Kageha alisikia mtu anabisha kutoka ndani. Komeo lilikuwa la kusukuma tu. Akalisukuma.

"Nilijua tu atakuwa kwa picha," Kageha akasema. "Kila Sunday ako huko."

Mama Nakhumicha alikunywa chai polepole. Alikuwa hajala tangu usiku wa safari, ila alikula mkate kwa kuumega vipande vidogo, asinionyeshe njaa yake.

"Usimkasirikie, mwanangu," akaniambia. "Nililia kwa nguvu sana, nikamwaibisha mbele ya wenzake. Lakini umemwona? Umeona anavyolia? Baba yake alipofariki hakutoa chozi, watu wakasema Nairobi imemkausha. Leo nimejionea mwenyewe. Ana huruma huyu mtoto."

Ilibidi nigeuke, nijishughulishe na stovu, kwa sababu alikuwa anayasifu yale machozi yaleyale, na nilikuwa nimeyapangusa kwa mkono wangu mwenyewe Jumapili baada ya Jumapili. Sikujua nianzie wapi kumweleza kwamba msiba aliokuwa anauuliza kule ukumbini ulikuwa wake. Kwa mwanawe, yeye ndiye aliyekufa. Alishazikwa zamani, na mvua nzuri ikanyesha.

Picha ilipoisha Patrobas alibisha. Aliingia, akamwona mama yake kitandani mwangu, akasimama hapo karibu na gauni. Kageha akachukua kanga yake, akaenda zake.

"Waruguru, ngoja nikueleze," akasema.

"Msalimie mama yako kwanza."

Hakumsalimia. Alianza kulia. Mabega yakatikisika, leso ikatoka. Akasema maisha ni magumu. Akasema mimi ni msichana wa watu wenye nyumba ya mawe, angempeleka vipi mama asiyevaa viatu mbele ya mzee wa kanisa? Akasema alinipenda mno, ndiyo sababu. Alilia vizuri kabisa, na mimi nilisimama namtazama jinsi nilivyotazama picha za Kabiru, nikihesabu ni wapi fidla zingeingia.

"Uliniambia amekufa," nikasema. "Uliniambia ulimwona akishushwa kaburini. Nimegombana na baba yangu kwa sababu ya hilo kaburi."

Niliyasema nikiwa nimemsahau aliyeketi nyuma yangu. Nilipogeuka, Mama Nakhumicha alikuwa ameweka kikombe sakafuni. Alitutazama wote wawili kwa zamu, taratibu. Niliona neno linamfikia. Sikuona chozi. Alijifunga vizuri kitambaa kichwani, akainuka kwa kushikilia ukingo wa kitanda, akamwendea mwanawe, akachukua pembe ya kanga aliyojifunga kiunoni akaanza kumfuta uso, upande mmoja, kisha wa pili.

"Nyamaza, papa," akamwambia. "Usilie hivyo. Sijafa. Si unaniona niko hapa?"

Patrobas akazidi kulia. Alijiegemeza kwenye bega lake, mwanaume mzima, na mama akawa anampigapiga mgongoni, akisema nyamaza, nyamaza. Lakini macho yake yalikuwa yananitazama mimi juu ya bega la mwanawe, makavu, yanauliza kama nitamhurumia. Mtu mwingine angekaa chini alie nao. Ndivyo picha za Kabiru zinavyokwisha, wote watatu wanakumbatiana, na watu wanarudi nyumbani wameridhika.

Nilifungua mlango.

"Toka, Patrobas," nikasema. "Kwetu usije. Nitamwambia baba mwenyewe."

Mama Nakhumicha akamwachia, akainama kutafuta viatu ambavyo hakuja navyo, akidhani namfukuza na yeye. Nikamshika mkono, nikamrudisha kitandani, nikamjazia kikombe.