Hesabu Kumi za Zubeida

Kama Ruiru nzima kulikuwa na mtu aliyejitia hamnazo, ni Becky. Miezi minne alimfundisha Zubeida abakasi, ile fremu ya shanga za kuhesabia, na kufikia wiki ya tatu alijua mtoto hashiki kitu. Wenzake walishika. Kui, aliyekuwa hawezi kukaa kitini dakika mbili, sasa alifunga macho, akachezesha vidole hewani kana kwamba shanga ziko pale, na jibu likatoka. Zubeida, miaka tisa, alipenda shanga kwa sababu zilikuwa nyekundu.

Lakini siku ya wazazi ilikuwa inakaribia, na mwenye kituo alikofundisha Becky alikuwa ameshabandika ukutani kwamba abakasi hufungua akili ya kila mtoto. Kila mtoto, ati! Basi Becky akamtungia Zubeida hesabu kumi, zilezile kila siku, kwa mpangilio uleule, akamkaririsha majibu mpaka yakamkaa mdomoni. Alijiambia anampa mtoto moyo. Wapi! Alikuwa anaogopa kazi yake.

Siku yenyewe, kwenye ukumbi mmoja wa Thika, Zubeida alisimama mbele na hijabu yake nyeupe. Becky akamsomea zile hesabu, naye akafunga macho, vidole vikacheza. "Arobaini na saba," akasema. Kisha, "Kumi na tisa." Zote kumi, bila kukosea hata moja. Watu wakapiga makofi, na mamake, Tausi, anayeuza mitumba kule Mwihoko, akalia bila kujificha.

Watu walipotawanyika, Tausi alimshika Becky mikono yote miwili.

"Ticha, Mungu akuweke. Kuna shule ya watoto wenye shida ya kuelewa, wamenipea nafasi. Mwaka mzima nimeingojea hiyo nafasi. Leo ndiyo mwisho wa kuwajibu. Sasa ya nini tena? Si umemwona mtoto wangu? Wacha niwaambie wampe mwingine."

Simu ilikuwa tayari sikioni. Iliita mara nne, na mara zote nne Becky alikuwa na mdomo. Alimwaza mwenye kituo, akawaza kodi ya nyumba, akatazama sakafu. Tausi akaongea, akashukuru, akakata.

Kisha, kwa ile furaha yake, akamgeukia binti. "Mwanangu, mandazi nane, ukila matatu, yanabaki mangapi?"

Zubeida akafunga macho. Vidole vikacheza hewani, vizuri kweli, hata ungeapa anahesabu. "Arobaini na saba," akasema, akafungua macho, akangoja makofi.

Tausi alicheka kidogo. Akauliza tena, mandazi mawili na moja. "Kumi na tisa," akajibu mtoto, akitabasamu.

Hapo Tausi akamtazama Becky, na Becky akatamani ardhi impasukie. Lakini mtoto alikuwa bado anangoja, kwa hivyo mamake akampigia makofi, akamwambia aende akavae viatu.

"Ticha," akasema, sauti haikupanda hata kidogo. "Nilipokuwa kwa simu, ulikuwa unajua?"

"Nilijua, Mama Zubeida. Tangu wiki ya tatu. Haki, nisamehe."

Hakumtukana. Afadhali angemtukana! Alipiga simu tena, na safari hii akaiweka kwa spika ili Becky naye asikie. Akaomba, akanyenyekea, akamwita dada yule mama wa shule aliyepokea simu, akamwita mwalimu. Yule mama alimwonea huruma, ilisikika. Akasema mzazi aliyekuwa anafuata kwenye orodha ameshapigiwa simu, yaani sasa hivi tu. Mzazi huyo alikuwa na kijana ambaye haongei. Amepiga vigelegele hadi majirani wakaingia.

"Lakini hajaleta fomu," akaongeza. "Ukisema, naweza kumpigia nimwambie tulikosea."

Becky aliitikia kwa kichwa haraka haraka, kana kwamba ameulizwa yeye.

Tausi alifumba macho. Nje, binti yake alikuwa anaimba majibu yake kumi.

"La," akasema. "Usimpigie. Mwache afurahi."