Pikipiki Haina Kasoro

Karakana ya hospitali ilikuwa nyuma ya chumba cha kufulia, na joto la humo halikuwa na mfano: mvuke wa mashuka ubavuni, bati lenye jua kichwani. Fundi alikuwa amefanya kazi hapo miaka kumi na tisa, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwambia amekosea. Labda hilo ndilo lililomponza.

Asubuhi moja shemeji yake, mume wa mdogo wake wa kike, alimletea pikipiki kubwa ya kupelekea damu, ile ambayo injini yake hupozwa kwa maji. Kazi ya shemeji ilikuwa kupanda na kasha la damu hadi hospitali ndogo ya mlimani, mara tatu kwa wiki. Kimpira chembamba kilikuwa kimepasuka, maji yanatona juu ya injini.

"Hiki nacho kina kazi gani, shemeji?" alimwuliza Fundi.

"Viko viwili. Kimoja kinachukua maji ya moto kwenye injini kinayapeleka kwenye kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa, kingine kinayarudisha. Eti kuipasha moto."

"Kuipasha moto? Na jua lote hili?"

"Ndiyo hapo sasa. Pikipiki hizi zilitengenezewa watu wanaoshinda kwenye theluji. Kwetu huu ni urembo tu."

Stoo hakukuwa na mpira wa saizi ile. Fundi akaving'oa vyote viwili, akaunganisha tundu la kutokea maji na la kurudia kwa kipande cha kile kisichopasuka, akakaza klipu. Kabureta ikabaki kavu, peke yake.

Shemeji alikuna kidevu. "Ila kule juu alfajiri kuna ukungu, shemeji. Baridi inanikamata vidole mpaka klachi siisikii."

"Vaa glavu," Fundi akasema. "Injini haina vidole."

Wafua nguo waliokuwa dirishani wakaangua kicheko. Shemeji naye akacheka. Ni nani atakayebishana na kaka wa mkewe mbele za watu, tena kaka aliyemtafutia kazi?

Siku ya tisa, baada ya safari tatu za mchana zisizo na ukungu, mama mmoja kule mlimani alijifungua, damu ikakataa kukata. Shemeji aliondoka na kasha kabla jua halijachomoza. Safari ni ya saa moja na nusu. Alitumia saa mbili na ushee. Alipofika, yule mama alikuwa ameshafunikwa shuka.

Maelezo yake hayakubadilika hata neno. Alipoingia kwenye ukungu injini ilianza kukohoa, ikakosa nguvu, ikazima. Akapiga stata, wapi. Simu haikamati mtandao. Baada ya dakika kama kumi ikawaka yenyewe vizuri, kama vile haikuwa ile. Kilomita nne mbele ikazima tena. Mara nne ilimfanyia hivyo.

Mkuu wa usafiri alimsikiliza huku akigongagonga meza kwa kalamu. "Inazima, kisha inajiponya. Pikipiki au mganga?" Akaagiza ikaguliwe.

Karakanani, shemeji alimsogelea Fundi, akanong'ona: "Shemeji, vile vimpira..."

"Usinitafutie lawama," Fundi alimkata. "Umelala njiani, sema umelala. Mtu huchoka."

Akafungua plagi, akatazama petroli, akasafisha kichujio. Macho yake yalipita juu ya kile kiungo alichokifunga kwa mkono wake, yakaendelea na safari. Akaiendesha mpaka sokoni na kurudi, ikaunguruma bila kujikwaa hata mara moja. Kwenye fomu akaandika: *Pikipiki haina kasoro.* Akasaini. Jioni hiyo shemeji alivuliwa koti la kazi na kitambulisho.

Kabla dereva mwingine hajapatikana, damu ya akiba ilitakiwa tena mlimani, na Mkuu akamtuma Fundi mwenyewe. Alipanda alfajiri akiimba chini chini. Palipoanza miti mirefu ukungu ukamfunika, mzito na wenye maji, matone yanateleza kwenye kioo cha kofia. Kilomita ya pili ndani yake, injini ikakohoa. Ikakosa nguvu. Ikazima.

Alishuka, akavua glavu, akapeleka mkono chini ya tangi. Kabureta ilikuwa imeota weupe pande zote, ungaunga wa barafu, baridi inayouma. Akaikwangua kwa ukucha, ikageuka tone la maji kwenye kidole chake. Hapo akaelewa yote kwa mkupuo mmoja. Petroli inapogeuka mvuke huvuta joto la chuma kilicho karibu, na hewa ile yenye maji ikipita humo, unyevu wake huganda na kuziba koo la injini. Theluji haihitajiki. Unatosha ukungu, na mtu aliyeng'oa vimpira viwili.

Akakaa juu ya jiwe. Joto la injini iliyozimwa lilipanda taratibu, weupe ukaliwa, ukatona, ukaisha. Dakika ya kumi na moja akapiga stata, ikawaka. Ushahidi wote ulikuwa doa la maji barabarani.

Siku hiyo, kwa bahati, hakuna mgonjwa aliyekuwa akisubiri. Muuguzi alipokea kasha akasema, "Yule mwenzako wa kwanza alifika hapa analia. Sisi tukadhani ni majuto."

Fundi aliporudi alitafuta mpira wa saizi ile mji mzima, akaupata, akarudisha kila kitu mahali pake. Alijiambia: kwanza nitengeneze, kisha niseme. Akatengeneza. Kusema kukawa kesho, na kesho ikazaa kesho. Dereva mpya akaanza Jumatatu, akapanda na kushuka mwezi mzima bila kuchelewa, ukungu kwa ukungu.

"Mnaona?" Mkuu alisema mbele ya wafanyakazi wote. "Pikipiki ni ileile, njia ni ileile. Njia ya mwongo ni fupi."

Fundi alikuwa amesimama pale akifuta mikono. Wema wake wa kificho ndio uliokuwa shahidi wa mwisho dhidi ya shemeji yake.

Jumamosi moja alasiri akaenda nyumbani kwa shemeji yake. Shemeji alikuwa ametoka kupakia matofali, miguu imo kwenye beseni la maji ya chumvi. Fundi alisema yote bila kuketi. Dada yake aliacha kumenya viazi.

"Umeshairekebisha?" shemeji aliuliza.

"Nimeshairekebisha."

"Lini?"

"Mwezi sasa. Na siku kadhaa."

Shemeji alitikisa kichwa polepole. "Kwa hiyo huyu mpya anawahi kwa mkono wako, na mimi nilichelewa kwa mkono wako. Ila mwongo ni mimi."

"Nisamehe, shemeji."

"Mwezi mzima, kaka?" Dada yake hakupaza sauti. "Jumapili zote hizo unakaa kwenye kiti hicho, unakula chakula changu, unamshauri mume wangu aache usingizi? Mume wa yule marehemu alikuja hapa mlangoni. Hakutukana, hakupiga. Alimwuliza tu, 'Kaka, ulilala wapi?' Na huyu akakosa jibu, kwa sababu jibu ulikuwa umelikalia wewe."

Jumatatu Fundi aliingia ofisini kwa Mkuu.

"Barafu," Mkuu alirudia. "Nani mwingine ameiona?"

"Iliyeyuka."

"Na hii saini hapa ni ya nani?"

"Yangu."

"Basi sikiliza, mzee wangu. Ukiandika hayo, familia ya marehemu italeta wakili, na jina watakalolikuta ni lako. Yule kijana wako nafasi yake imeshajazwa, harudi. Unamwokoa nani?"

Fundi aliandika hata hivyo, kurasa mbili, mwandiko wake mbaya wa kifundi. Mkuu akaikunja barua, akaitia ndani ya droo, akageuza ufunguo. Baada ya wiki mbili Fundi alipewa barua ya kustaafu mapema, yenye shukrani za utumishi uliotukuka. Kuhusu damu, mlima au shemeji haikusema lolote.

Alikwenda kumweleza dada yake kwamba walau ameandika. Mlango ulifunguliwa kiasi cha uso mmoja tu. Alikuwa mpwa wake, wa miaka sita, aliyezoea kumrukia shingoni.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mama yupo?"

Mtoto aligeuka akatazama ndani, kisha akamtazama yeye.

"Mama amesema nikwambie hayupo."