Jiwe la Pindoni

Siku Scolastika alipofariki, mumewe Ngassa alikuwa kwenye karasha, pembezoni mwa Kalangalala, Geita, pale wanaposaga mawe ya dhahabu. Mashine ilikuwa inanguruma kiasi kwamba aliyetumwa kumwita ilibidi amshike bega. Aliuona uso wa yule mtu, akazima mashine, akanawa vumbi, akamfuata. Nyumbani alimkuta mkewe amefunikwa kitenge, na nje sufuria ya uji bado ilikuwa jikoni. Presha, walisema. Asubuhi alikuwa amelalamikia kichwa tu, na Ngassa akamjibu, "Meza dawa ulale kidogo," akaondoka.

Walimrudisha kwao Kishapu, wakamzika katika ardhi kavu iliyoyashinda majembe hata vijana wakaenda kuazima sururu. Kabla ya kumwosha, Asteria, mdogo wake wa tumbo moja, alifungua fundo lililokuwa kwenye pindo la kanga ya marehemu. Waliosimama karibu walidhani ni pesa. Lilikuwa jiwe dogo, ukubwa wa punje ya choroko, rangi yake kama maji yaliyooshewa mchele. Asteria akaliweka kwenye kiganja cha Ngassa. Jiwe lile kila mtu wa nyumba ile alilijua.

Scolastika alilipata Maganzo, miaka ile alipokuwa akichekecha changarawe iliyoachwa na wachimbaji wa almasi, mtoto wao Limi akiwa mgongoni. Hakumwonyesha mtu isipokuwa mumewe na ndugu yake. Jiwe lisilo na karatasi halitembezwi. Dalali atakuambia ni takataka kisha alitie mfukoni mwake, na askari atakuuliza umelitoa wapi. Basi likakaa pindoni. Kanga ikichakaa, likahamia kanga nyingine. Wao wenyewe walipohama kwenda Geita kufuata dhahabu, nalo likaenda. Limi akimuudhi mama yake, Scolastika hulipapasa lile fundo akasema, "Nitakuja kulitupa chooni hili, uolewe kwa pete ya waya." Siku akiwa na furaha husema, "Hili ni la pete ya Limi. Vingine vyote vitachakaa, hili halichakai."

Msiba ukapita, watu wakatawanyika. Ngassa akarudi kwenye karasha. Jiwe alilifunga tena kwenye kanga ileile, akaiweka sandukuni chini ya nguo zake.

Mwaka uliofuata Limi alichumbiwa na Cornel, fundi wa pampu za maji, kijana mpole asiyejua kupandisha sauti. Mambo ya ng'ombe yalishazungumzwa na wazee wakaridhiana. Kilichobaki kilikuwa kuvishana pete ya uchumba mbele ya ndugu wa pande zote mbili. Ngassa alikuwa amechoka. Haukuwa uchovu wa kazi, maana huo alikuwa ameuzoea. Kila siku mtu alimjia na swali ambalo Scolastika ndiye angelijibu: wageni wakae wapi, nani apike, kitambaa kiwe cha rangi gani. Alikuwa akijibu "sawa" kwa kila kitu, na wakati mwingine alisema "sawa" kwa mambo mawili yanayopingana.

Asteria alikuja kutoka Kishapu kumsaidia. Jioni moja walikuwa wamekaa uani, Limi akisugua sufuria kwa mchanga na majivu kama kawaida yake. Alikuwa akiwapikia ugali watu wa machimbo, na sufuria zake zilikuwa kubwa kuliko yeye. Cornel na yeye walikuwa wametoka Shinyanga mjini kwa sonara mmoja aitwaye George, kuangalia mawe ya pete.

"Mimi nilipenda jiwe la buluu," Cornel alisema. "Tanzanite. Linapendeza, baba. Ukiligeuza hivi, linakuwa zambarau."

"Na sonara akasemaje?" Ngassa akauliza.

Limi akacheka. "Hata hakuniangalia usoni. Alitazama mikono, akauliza nafanya kazi gani. Nilipomwambia, akalirudisha la buluu kwenye kiboksi. Akasema, 'Hili ni la mtu anayekaa kwenye kiti. Mchanga wa sufuria utalikwaruza, na siku ukiligonga kwenye karai, basi. Wewe chukua yakuti. Au almasi.'"

"Tukaangalia yakuti," Cornel akasema. "Iko nzuri moja."

"Almasi tunayo," Limi akasema, mikono ikiendelea kusugua.

Asteria akageuka. "Mnayo almasi au mnayo chupa? Dada yangu nilimpenda, Mungu amrehemu, lakini alikuwa mtu wa kuokota. Aliwahi kuokota kitasa njiani akakaa nacho miaka, anasubiri kupata mlango."

Walicheka wote. Ngassa naye alicheka, maana kitasa kile alikikumbuka, kilikuwa bado kipo. Lakini kicheko kilipoisha, lile neno chupa lilibaki naye. Akilini aliwaona wakwe wameketi, na kati yao hakosekani mjomba aliyewahi kuuza mawe, akivuta mkono wa Limi aukague. Aliwasikia wakirudi kwao wakisema Mama Limi alimwachia mwanawe kipande cha chupa. Aibu ikimpata yeye, si neno. Yeye yuko hai, atajitetea. Scolastika angetetewa na nani?

Akaingia ndani, akatoka na kanga. Akafungua fundo. Kisha akavuta kile kipande cha chuma kilichotolewa kwenye karasha bovu, ambacho walikuwa wakikitumia kuegeshea mlango, akachukua na nyundo yake.

Cornel hakuelewa, lakini Asteria alielewa mara moja. Kule kwenye changarawe hakuna asiyejua kipimo hiki. Weka jiwe juu ya chuma, lipige. Almasi ya kweli haiogopi nyundo. Likipasuka, ni chupa, litupe, endelea na chekeche lako. Alipokuwa akichimba Maganzo, Ngassa aliwakuta wakubwa zake wakifanya hivyo, akafanya hivyo na yeye, na kila jiwe aliloliweka juu ya chuma lilipasuka.

"Shemeji, nilikuwa natania," Asteria akasema.

"Najua."

"Baba, si lazima," Limi akasema.

"Nataka nijue."

"Ukijua utafanya nini?"

"Nitapumzika."

Hakupiga kwa nguvu. Alishusha nyundo kama mtu anayepigilia msumari kwenye ubao laini, na sauti iliyotoka ilikuwa ndogo, kama ya mtu aliyetafuna barafu. Alipoinua nyundo, jiwe lilikuwa vipande.

Kuku walisogea wakidhani wamemwagiwa kitu. Asteria akawafukuza kwa mguu.

"Chupa," Ngassa akasema.

Aliketi pale chini na nyundo mapajani. Alimwona Scolastika akihamisha lile fundo kutoka kanga hadi kanga, akilipapasa sokoni, kanisani, kwenye basi la kuja Geita, na akaona aibu kwa niaba ya mtu ambaye hawezi tena kuona aibu. Limi alikuwa amepiga magoti. Alilowesha ncha ya kidole kwa mate, akaanza kuokota vipande kimoja kimoja na kuviweka kwenye pindo.

"Vya nini sasa?" baba yake akamuuliza.

"Alifunga yeye. Na mimi nafunga."

Wiki ile ile walikwenda Shinyanga kuchukua yakuti. Ngassa alikwenda nao kwa sababu Cornel alimwomba, naye alijibu "sawa" kabla hajajua anaombwa nini. Duka la George lilikuwa chumba chembamba chenye meza moja, taa moja na feni iliyokuwa ikigeuka kwa shida. Sonara mwenyewe alikuwa mtu mnene, mwenye kikohozi, aliyemwamkia Ngassa kwa Kisukuma, "Mwangaluka, baba," akamsogezea kiti.

Yakuti ilikuwa nzuri kweli, ya buluu iliyokolea. Cornel akaitazama kwenye mwanga, akampa Limi. Limi akaitazama, akairudisha mezani taratibu. Kisha akafungua pindo.

"Na hivi ni nini, mzee?" akamuuliza George. "Tuambie tu, twende zetu."

"Ni chupa," Ngassa akasema. "Usimsumbue mtu, mwanangu."

George alikuwa amekwisha kuweka lenzi jichoni. Alinyanyua kipande kimoja kwa koleo ndogo, akakigeuza, akakohoa, akakigeuza tena. Halafu akavuta droo, akatoa yakuti nyingine, mbovu, yenye ufa, akakiburuta kile kipande juu yake. Ukabaki mstari mweupe. Akaupangusa kwa kidole, haukutoka. Akaupangusa kwa kitambaa chenye maji, haukutoka.

"Chupa haiwezi kukwaruza yakuti," akasema. "Nani alilipiga?"

"Mimi."

"Nyundo?"

"Nyundo."

George akaondoa lenzi. Hakumcheka. "Almasi ni ngumu, baba. Hakuna kitu kitakachoikwaruza isipokuwa almasi mwenzake. Lakini ngumu haimaanishi haipasuki. Umewahi kupasua kuni? Gogo kavu, gumu, shoka linadunda. Siku ukilipata kwenye njia yake, pigo moja linaachia. Almasi nayo ina njia zake. Hili lilikuwa zima?"

"Zima. Kama choroko."

"Haya."

Ngassa alitazama mikono yake. Aliyakumbuka yale mawe ya Maganzo yaliyopasuka juu ya chuma chake, aliyoyapiga teke na kucheka na wenzake. Alijaribu kukumbuka yalikuwa mangapi, akashindwa, akaacha.

"Tuchukue yakuti, Limi," Cornel akasema kwa upole. "Mama hatachukia. Iko nzima."

"Mayu hakusema jiwe zima," Limi akajibu, akimtaja mama yake kwa Kisukuma. "Alisema jiwe lisilochakaa." Akakielekezea kidole kile kipande kilichokuwa kwenye koleo ya George. "Hiki kinachakaa?"

"Hicho? Tutazikwa sote kiko hivyo hivyo. Lakini hakina sura, binti yangu. Ni cha kijivu, na nikianza kukichonga kitaisha chote. Nitakiweka kama kilivyo, na ukali wake huo, kitakukwaruzia kila utakachogusa."

"Weka."

George akamtazama Cornel. Cornel akamtazama Limi, akacheka kidogo, akasema, "Mwenye kidole amesema."

Halafu wote wakamtazama Ngassa, na kwa mara ya kwanza tangu mambo ya harusi yaanze, hakusema "sawa." Aliinama juu ya meza, akakiangalia kile kipande kwa muda.

"Kizungushie dhahabu pande zote," akasema. "Kilale chini, kichungulie juu tu. Akigonga karai, pigo liishie kwenye dhahabu."

"Ndivyo nilivyotaka kufanya," George akasema.

"Basi ndivyo."

Siku ya kuvishana pete, mjomba mmoja wa Cornel aliushika mkono wa Limi, akauinua kwenye mwanga, akauliza hicho cha kijivu ni kitu gani. Ngassa alikuwa amekaa nyuma, karibu na mlango. "Ni almasi," akasema. "Aliiokota mama yake. Mimi ndiye niliyeivunja." Mjomba akasubiri aendelee. Asteria akapitisha soda, na mazungumzo yakahamia kwenye mvua.

Vipande vilivyobaki viko kwenye pindo la kanga ya Scolastika, sandukuni. Limi haivui pete anapopika. Sufuria zake zote sasa zina mistari myembamba kwa ndani, na ugali hunasa pale kwenye mistari. Jumamosi, karasha likizimwa, Ngassa hukaa uani na kuzisugua.