Neno Lililobaki kwa Mama

Bi Mwasiti, jirani yetu wa ukuta mmoja, anadai mama yangu aliongea. Maneno kamili, anasema, ya mtu mzima, wakati mimi niko bombani. Nikaweka ndoo chini, hata ngata sijaitoa kichwani, nikamuuliza kasema nini. Akasema, sikumsikia vizuri, mwanangu, redio ilikuwa inapiga kelele. Nikamwambia, Bi Mwasiti, nilikuachia mgonjwa au nilikuachia redio? Akacheka, kisha akaacha kucheka. Haki ya Mungu vile, Zamda, mama'ko kasema, tena kakutaja jina. Akajifunga kanga yake vizuri, akaenda zake kupepeta mchele, nikabaki na hilo.

Maana tangu alipoanguka jikoni, upande mmoja wa mwili ukafa, mama amebakiwa na neno moja tu, fupi, linaanzia midomoni na kuishia hapohapo. Ma. Asubuhi ma, jioni ma. Mwanzoni nilidhani ni nusu ya neno, nikawa namtafutia nusu ya pili, maji, maziwa, mafuta ya kukuchua, maumivu? Ananitazama tu. Na mimi kuna kitu nakitaka kwenye mdomo ule, sijamwambia mtu. Kwetu mtoto akisafiri humpigia mama yake magoti, mama akapiga funda la maji, akampulizia viganjani, akasema nimekuwia radhi, nenda. Dada Sikudhani alipuliziwa alipoolewa Singida. Kaka Shomvi alipuliziwa alipokwenda machimboni. Mimi sikwenda popote, nilibaki kumwangalia yeye, na anayebaki haagi, na asiyeaga hakuna anayekumbuka kumpa radhi. Sasa daktari kasema tusitegemee sana, na mdomo wenye radhi zangu una neno moja.

Mchana huu jua limekaa juu ya bati, nimelala mkekani kando ya kitanda chake, nasikiliza anavyopumua, naye anasema ma, na safari hii neno halijifungi, linabaki wazi kama mlango uliosahauliwa, nami naingia. Ndani ni barabara. Haina mwanzo, maana nikigeuka nyuma naiona mbele. Kuna mtu amesimama, kanzu yake imepigwa pasi, ila uso hana, pale pa uso ni laini kama kitako cha bakuli. Nasema shikamoo, kwa kuwa hata asiye na uso ana umri wake. Marahaba, anajibu, sijui kwa kutumia nini. Natafuta maana ya neno la mama yangu. Hulitafuti wewe, anasema, lenyewe linatafuta wa kuliitikia. Baba, sema nikuelewe. Kuelewa kuko mbele, na mbele kuko nyuma, twende. Tunakwenda, na mji unatujia badala ya sisi kuujia, ni wa Waarabu, na ninapotamka ma wananiletea bakuli za maji, moja, nyingine, nyingine tena, maana kwao ndiyo maji yenyewe, ila wao wanalivuta mwishoni kama wanaomeza. Nafurahi, nasema basi ni hilo, kisha nakumbuka maji nilimpa, yakatoka pembeni mwa mdomo yakalowesha mto. Barabara inajikunja, mji uleule unarudi umegeuzwa kama kwenye kioo, maduka ya kulia yako kushoto, na wenyeji sasa ni Wachina. Wananifundisha kwa upole, ukiinyoosha sauti juu ni mama, ukiizamisha ukaiinua ni farasi. Nanyoosha, inazama, farasi anapita, mwekundu, hana mpandaji. Samahani, namwambia, sikukuita wewe. Mama mmoja muuza maandazi anacheka hadi anashika mbavu, anasema wote wanaokuja kutafuta mama huondoka na farasi, mwanangu, si bora upande? Sipandi. Mbele Waitalia wamekaa madirishani, kwao ma ni lakini, kila mmoja anaanza nalo na haendelei, mtaa mzima ni lakini, lakini, lakini, na yule mwenye kanzu, mwongozaji wangu, ananiambia hilo lilikuwa neno refu la wazee wao, maana yake zaidi, likachakaa njiani mpaka likawa hivyo. Kwa Wahungaria ni leo, nikiwauliza habari za kesho wanatazamana. Kwa Wavietnamu ni mzuka, wananisikia wanafunga milango, nami nakimbia kwa sababu hilo silitaki, silitaki kabisa. Nakimbilia kwenye nyumba ya Wajapani, haina kitu ndani, na kwao ma ni ule uwazi wenyewe, nafasi kati ya kitu na kitu, ukimya kati ya pigo na pigo la ngoma. Nakaa humo. Naujua ukimya huo, upo chumbani kwetu, kati ya pumzi ya mama na pumzi, mimi ndiye ninayekaa humo kila siku peke yangu.

Namuuliza mwongozaji, lipi ni la mama yangu? Kitendawili, anasema. Tega. Nyumba moja, wapangaji wengi, mwenye nyumba hajaonekana. Nafikiri, nashindwa. Nipe mji, anasema. Nakupa mji, chukua wowote. Anacheka, kicheko bila mdomo. Huna mji wa kunipa, binti, wewe hujatoka kwenu. Inaniuma kama kweli inavyouma. Labda ananionea huruma, maana ananishika mkono mpaka uani, kumejaa watoto wachanga wa kila rangi, hawana lugha bado, wamefumba midomo kwenye maziwa ya mama zao, na kila anayeachia ziwa mdomo unafunguka wenyewe, ma. Hili la mama, anasema, lilianzia hapa, huku na huku kila mwanamke alilisikia akadhani ameitwa. Namwambia, kwa hiyo mama yangu hasemi kitu, ni mdomo tu? Anayeachia ziwa na anayelitafuta, anasema, hutoa sauti moja. Nataka kumuuliza zaidi, hayupo. Kwenye kioo cha dirisha namwona msichana amesimama peke yake, pale pa uso wake ni laini.

Naamka, au barabara imefika chumbani. Najipapasa, pua ipo, macho yapo, lakini viganja vinanigusa kama vya mtu mwingine. Bati linalia kwa joto. Mama ananitazama kwa jicho lake zima, na sijui kama hiki ni kitanda chetu au ni mji mwingine ambao sijaambiwa kwao neno lina maana gani. Labda nyumbani ni kule nilikotoka, na hapa ndipo nilipopotelea. Vyovyote, yeye yuko hapa. Napiga magoti. Mama, nasema, ni mimi Zamda, kitinda mimba wako. Sisafiri, siendi popote. Ila naomba radhi zako na mimi.

Midomo yake inakutana. Nangoja.